Ubongo au moyo: kipi kinaionyesha sonona vizuri zaidi?

Daktari Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, mwaka uleule Willem Einthoven alipopewa Tuzo ya Nobel kwa kipimo cha umeme wa moyo. Hata hivyo, hadi leo sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hutambuliwa kwa mazungumzo na maswali, si kwa vipimo hivyo.

Kwa ubongo, EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, hutumiwa kulinganisha mawimbi ya alfa (mawimbi ya umeme yanayoonekana zaidi mtu anapotulia) ya sehemu ya mbele, kushoto na kulia. Kwa miaka mingi tofauti ya pande hizo ilitazamwa kama alama ya sonona. Tafiti zilipojumlishwa, ilionekana ndogo mno kumtambua mgonjwa mmoja mmoja.

Kwa moyo, kinachopimwa si kasi, bali jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika. Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani: neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, huurekebisha kila unapovuta na kutoa pumzi. Kwa wenye sonona, mabadiliko hayo kwa wastani hupungua. Kupima ni rahisi, mkanda wa kifuani unatosha. Lakini umri, kisukari, sigara, hata dawa ya amitriptilini inayotibu sonona yenyewe, huyapunguza pia. Hapo ndipo wengi hupotoka.

Mimi ningechagua moyo, ila kwa kumfuatilia mtu yuleyule wiki hadi wiki, kamwe si kwa kumbandika ugonjwa. Na kinachonivutia zaidi ni pale viwili hivi vinapokutana: kusisimua sehemu ya mbele ya ubongo kwa sumaku, tiba ya sonona iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2008, kunaweza kupunguza mapigo ya moyo papo hapo.