Uzoefu wangu: maikrowevu isiyopasha na fundi wa Sinza anayeijua kazi yake

Maikrowevu yangu iligoma kwa namna inayochanganya wengi. Taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, lakini chakula kinatoka baridi vilevile kilivyoingia. Kilichoongezeka ni mngurumo mzito, kama wa jenereta iliyozidiwa mzigo. Fundi wa kwanza niliyemwita nyumbani hakufungua hata skrubu moja. Alisikiliza tu, akasema magnetroni, kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula, imekufa. Bei aliyotaja ilikaribia ya maikrowevu mpya, nikamshukuru, nikaibeba hadi Sinza, Dar es Salaam, kwa fundi ambaye jirani yangu alikuwa akimsifia.

Huyu wa Sinza nampa maua yake, na yanaanzia kwenye alichofanya kabla ya kupima chochote. Alichomoa plagi akaiweka mezani mbele ya macho yake, ikakaa pale muda wote. Alipotoa bati la nje hakuingiza mkono. "Dada, humu kuna kitu kinatunza umeme hata ukishazima," akaniambia, akanionyesha kapasita, kikopo cha bati kilichoandikwa volti 2100. Transfoma inaupandisha umeme wetu wa volti 230 hadi kama 2000, kisha kapasita na daiodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) zinausukuma mpaka karibu 4000 kwenda kwenye magnetroni. Ndani ya kapasita huwa kuna rezista ya kuumaliza umeme uliobaki. Rezista hiyo ikikatika, umeme unabaki mle mle ukimsubiri atakayegusa, na unatosha kuua.

Alikuwa na waya wake maalumu wenye rezista kubwa na vibanio viwili. Akaubana kwenye ncha za kapasita kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Akasubiri kidogo, akapima kwa mita, ikasoma sifuri. Kisha akapima tena kati ya kila ncha na bodi, yaani bati la mwili wa mashine. Hapo ndipo akashika bisibisi. Nimeona mafundi wengi wakiingiza mikono kwenye redio na pasi bila kufikiri mara mbili, na kwa vifaa hivyo pengine wanabahatika. Kwa maikrowevu, fundi asiyeanza na kapasita mwombe akurudishie mzigo wako.

Upimaji wenyewe haukuchukua muda. Magnetroni ilisoma chini ya ohmu 1 kwenye ncha zake na haikuwa na njia yoyote kwenda kwenye bodi, maana yake uzi wake haujakatika na haijapiga shoti. Kapasita nzima. Daiodi ndiyo ilisoma karibu na sifuri, pande zote mbili. Alinieleza kwamba daiodi nzima ya maikrowevu haisomi kitu kwa mita ya kawaida, kwa sababu mle ndani zimeungwa daiodi nyingi mfululizo, kwa hiyo mpya aliipima kwa kuiunga na betri ya volti 9. Ule mngurumo ulikuwa wa transfoma ikihangaika na shoti hiyo. Spea yenyewe ni kidude kidogo kuliko kidole, na bei yake haifiki hata robo ya ile niliyotajiwa mwanzo.

Akaniambia pia nitazame ukuta wa ndani upande wa kulia. Ile karatasi ya maika inayofunika tundu la kupitishia mawimbi ilikuwa na doa jeusi la mafuta yaliyoungua. Ikiachwa hivyo huanza kurusha cheche. Akakata mpya kwa mkasi, akaifunga.

Kwenye mlango ndiko alikonifurahisha zaidi. Kuna swichi tatu pale. Mbili zinakata umeme mlango ukifunguliwa, ya tatu inaunguza fyuzi endapo zile mbili zimeganda. Wapo mafundi wanaoziruka na kuunga waya moja kwa moja ili mashine iwake tu, na huko ni kumweka mwenye nyumba mbele ya mawimbi yanayopika nyama. Yeye alizipima moja moja, akakagua bawaba na kulabu za mlango, akawasha ikiwa na bilauri ya maji ndani, maana haiwashwi tupu. Alipofungua mlango katikati ya kazi, ikazima papo hapo. Maji yalitoka yakifuka.

Kitu kimoja namdai: hana kipimo cha kuvuja kwa mawimbi. Kiwango kinachokubalika ni miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, ukipimia sentimita 5 kutoka kwenye mlango, na kwa fundi makini kama yeye kifaa hicho kingestahili kuwepo mezani. Risiti pia niliiomba mwenyewe ndipo akaandika.

Nitarudi kwake bila kusita. Ukienda, beba na sahani ya kioo pamoja na ile pete yenye magurudumu ya chini yake, kwa sababu bila hivyo hakubali kuijaribu mashine.