Gundi ya nyuki ya Marikiti: chukua kipande, chupa iache

Duka ni dogo, liko kichochoroni nyuma ya Marikiti, soko la Mombasa, kati ya wauza viungo. Wengi huliendea kwa asali. Mimi nilifuata gundi ya nyuki, maana koo linaniwasha tangu kusi ianze kuvuma.

Mwenye duka ana chupa za matone na vipande vibichi ndani ya kopo. Kwenye chupa pameandikwa "propolis", basi. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hili neno la wapi?"

"La Kiyunani, mwanangu. Pro ni mbele, polis ni mji. Mbele ya mji."

Akanitolea ubao wa mzinga mkuukuu. Mlangoni nyuki wamepaka ulimbo mpaka pamebaki upenyo wa kupita wao tu. Ngome ya Yesu (Fort Jesus) hiyo, iliyokaa mdomoni mwa bandari ya kale tangu Wareno waanze kuijenga 1593! Utomvu wanautoa mitini, wanaubeba kwa miguu ya nyuma, wanauchanganya na nta na kuziba kila ufa. Panya akifia ndani na hawawezi kumtoa, humfunika gundi mwili mzima asije akaoza.

Sasa lawama. Chupa ya mililita 30 ni shilingi 700, na haisemi gundi imeyeyushwa kwa kitu gani. Majini haiyeyuki vizuri, ndiyo maana wengi hutumia spiriti, yaani kileo. Nilipofungua, harufu ikanipanda puani, nikaifunga na kumrudishia. Mji huu wengi wetu kileo hatukigusi. Jambo hilo lilistahili herufi kubwa. Mzee hakubisha, ila alisema chupa humfikia zikiwa na vibandiko tayari.

Nikachukua kipande kibichi, shilingi 300. Kwa joto letu kinalegea na kunata vidoleni, kwa hivyo kiweke frijini kigande, ndipo kitavunjika. Natafuna punje baada ya isha: chungu, harufu inakaribia ubani, na meno hubaki ya kahawia mpaka upige mswaki. Koo limetulia kiasi, lakini na tangawizi nilikuwa nakunywa, kwa hivyo sifa zote siipi gundi. Mwenye mzio wa vitu vya nyuki asiguse.

Anapima mbele yako, hapunji, na M-Pesa anapokea. Ijumaa adhuhuri hufunga.