Southend na shangazi: tazama maji kabla ya kukata tiketi

Mwenye haraka asome mstari huu aende zake: gati la Southend nalipatia nyota 5, mji mzima nyota 4, na lile duka la chipsi tulilopita mchana halipati hata moja. Nitafika huko.

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga mwezi Juni, akafikia kwangu London Mashariki. Wiki mbili alivumilia kukaa ndani na sweta, kisha akasema anataka kuiona bahari. Treni kutoka stesheni ya Fenchurch Street, London, hadi Southend, mji wa pwani, ni kama saa moja hivi, basi nikakata tiketi za Jumamosi bila kuuliza mtu.

Tulishuka Leigh-on-Sea, vituo vichache kabla ya Southend yenyewe, saa 3 kasoro robo asubuhi. Hapo reli inapita kando kabisa ya pwani. Shangazi akasimama, mkoba kwapani, akatazama. Tope tupu. Tope la kijivu linalong'aa, mashua zimelala ubavu, na mbali huko mtu na ndoo yake anachimba chambo.

"Mwanangu, bahari yenyewe iko wapi?"

"Maji yamekupwa, shangazi."

"Yamekupwa mpaka Ufaransa?"

Kisha akaniuliza leo mwezi ngapi. Nikafungua simu kutazama mwezi mwandamo: mwezi 15, mwezi mpevu. Akaguna. "Basi ni bamvua. Ungeniuliza mimi kabla ya kununua hizo tiketi." Kwetu Tanga siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hutoka kabisa mnamo saa 4 asubuhi, na wanawake wameshashuka pwani na vikapu vyao kuokota kombe. Southend saa zake ni nyingine, hutoka mapema zaidi, lakini mwezi ni uleule. Mimi nina miaka 9 nchi hii, na siku zote nimekuwa nikitazama utabiri wa mvua tu, utafikiri sikuzaliwa pwani.

Kwa hiyo ukienda Southend, angalia jedwali la kupwa na kujaa kwanza. Ile si bahari kuu, ni mlango wa mto Thames, na pwani yake ni bapa kama sinia. Maji yakitoka yanarudi nyuma zaidi ya kilomita moja. Gati lenyewe lilizaliwa na shida hiyohiyo: enzi za meli za moshi, abiria wa kutoka London walikuwa wakipitiliza hadi Margate kwa sababu Southend chombo hakikuweza kusogea karibu. Mwaka 1830 wakafungua gati la mbao, wakalirefusha, wakazidi kulirefusha, la chuma likafuata mwaka 1889, na sasa ni kilomita 2.16. Hakuna gati la matembezi refu kuliko hilo duniani.

Leigh ya zamani ni kijia kimoja cha wavuvi, na vibanda vya kombe. Kombe wao ni wadogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, wamechemshwa tayari. Unapewa kikopo, unatia siki na pilipili manga nyeupe, unakula kwa kijiti umesimama. Shangazi akaonja mmoja, akatafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. "Hawana ndimu?" Hawana. Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha achari ya embe aliyokuja nayo toka nyumbani (mizigo yake ilikuwa kilo 23, na nadhani 10 zilikuwa achari). Muuzaji akaomba aonje. Akaonja, uso ukawa mwekundu, machozi yakamtoka, akaomba tena. Tulipoondoka akatuaga kwa neno ambalo shangazi alitaka alielewe vizuri.

"Amesemaje?"

"Amekuita mpenzi."

"Mimi?"

Ilinibidi nimweleze kwamba watu wa Essex, jimbo la huko Southend, humwita kila mtu hivyo, hata dereva wa basi na polisi. Hakuridhika, lakini niliona ameweka mtandio sawa.

Sasa lile duka. Liko barabara ya ufukweni, Southend mjini, jina nalihifadhi. Nililipia samaki na chipsi za watu wawili, ndipo nikakumbuka kuuliza wanakaangia nini. Mafuta ya ng'ombe. Maduka mengi hutumia mafuta ya mimea, lakini si yote, na wengine hutia bia kwenye ule unga wa kuvikia samaki. Shangazi hagusi nyama asiyojua imechinjwaje. Nikaomba pesa zangu. Wakasema chakula kimeshafungwa. Nikatoka na kifurushi cha moto mkononi, nisijue nimpe nani, shakwe akanikatia shauri. Alitokea nyuma, akapiga mara moja, chipsi zote chini, na wenzake kumi na ushee wakashuka. Kosa la kutouliza mapema ni langu. La kukataa kurudisha pesa ni lao.

Gati likaniponya hasira. Kuna treni ya umeme inayokupeleka hadi mwisho kwa kama dakika 10, na moja ya treni hizo imepewa jina la Sir David Amess, mbunge aliyepigania miaka mingi Southend iitwe jiji. Aliuawa mwaka 2021, na Southend ikapewa rasmi hadhi hiyo mwaka 2022. Tulipanda karibu saa 7. Safari hii tope lilikuwa limekwisha, pande zote mbili ni maji, nikamwona shangazi anatabasamu dirishani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mwishoni kuna kituo cha boti za RNLI, shirika la uokoaji baharini, na benchi, na upepo. Upande wa kusini mashariki utaona milingoti imechomoza majini. Ni ya Richard Montgomery, meli ya Kimarekani iliyokwama hapo mwaka 1944 ikiwa imebeba mabomu, na kama tani 1,400 za baruti bado zimo tumboni mwake. Nilipomweleza shangazi, akaniuliza tena kama nina hakika na ninachosema, kisha akahama benchi.

Alihamia karibu na mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi, chupa ya chai miguuni. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mzee akainamisha ndoo amwonyeshe, na ndani mlikuwa na samaki bapa, macho yote upande mmoja. "Gayogayo!" shangazi akapiga kelele, kana kwamba amekutana na jirani. Mzee akajaribu kulitamka. Mpaka naondoka walikuwa bado wanafundishana.

Shangazi alirudi kwa treni kwa sababu ya magoti, mimi nikarudi kwa miguu, na hivyo ndivyo ningemshauri mtu: panda kwenda, tembea kurudi. Kati ya mbao unaona maji yakipita chini ya nyayo zako, na mji unakuja polepole mpaka unaanza kusikia zile mashine za sarafu za peni 2 zikimwagika.

Saa 8 na nusu maji yalikuwa yamejaa mpaka ukutani. Nikamkuta shangazi amesimama mbele ya benchi lenye kibao cha shaba. Waingereza hupenda kuweka mabenchi ya pwani kwa kumbukumbu ya marehemu wao. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea: mama fulani, aliyependa kukaa hapa.

"Amezikwa hapa?"

"Hapana, shangazi. Ni benchi tu."

Akalisabahi kwanza, ndipo akakaa. Treni ya saa 10 ikaondoka bila sisi, na iliyofuata vilevile.