Imani ndani ya hadithi: Lewis au Tolkien?

Waandishi C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien walikuwa marafiki pale Oxford, Uingereza, Wakristo wote wawili, ila kila mmoja alichota kisimani kwa kata yake. Lewis, katika kitabu chake cha 1950, The Lion, the Witch and the Wardrobe, anamfanya simba Aslan afe kwa kosa la mtoto msaliti, kisha afufuke. Msomaji anamtambua Yesu mara moja.

Tolkien alificha. Katika riwaya yake ya 1954–1955, The Lord of the Rings, hamna kanisa wala padri. Lakini pete ya uovu inaangamia tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Tena Frodo, shujaa aliyeibeba karibu safari nzima ili aiangamize, anashindwa kuitupa motoni! Gollum, kiumbe mwenye uchu wa pete hiyo, yule waliyemhurumia asiuawe, ndiye anayeinyakua na kutumbukia nayo motoni. Lewis nampenda, lakini nikishika kalamu namfuata Tolkien. Neema iliyofichwa hivyo hunitoa machozi.