Miezi mitano ya azuma na tangawizi, kisha kamera ya koo: uzoefu wangu

Mimi ni MC. Harusi, sendofu, kipaimara, hata mahafali ya chekechea nimeshika maiki. Koo langu ndilo ada ya watoto. Mwaka jana, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa nane, liliniuma karibu kila siku. Wenzangu wa kazi wameniuliza sana kama kile kipimo cha kamera nilichokwenda kufanya kina faida au ni kutupa hela, basi nieleze yote kwa pamoja.

Halikuwa lile koo la mafua, la kumeza mate ukakunja uso. Lilikuwa linakwaruza. Asubuhi naamka na sauti ya mzee wa miaka themanini, ikifika saa nne inaanza kufunguka. Kutwa nzima nakohoakohoa kulisafisha, na nahisi kama tonge limenasa shingoni. Nikimeza haliendi, nikikohoa halitoki. Homa sina, mafua sina.

Kwenye duka la dawa la mtaani nilipewa azuma, ile antibayotiki ya siku tatu. Nikapata nafuu siku mbili, likarudi. Nikapewa amoksilini, kisha azuma tena. Hakuna aliyenimulika hata tochi mdomoni, na kusema kweli mimi mwenyewe sikudai. Nilikuwa naingia na kusema "nipe ile ya koo, kaka", natoka.

Nyumbani mama akashika zamu na dawa yake: tangawizi kali, ndimu mbili, asali, kikombe kizima kabla ya kulala. Nilikunywa kwa imani. Mchana, mfukoni hazikosekani pipi za minti. Nilikuwa namaliza pakiti kwa siku. Halafu shangazi akaja kutoka Tanga, akanisikiliza mara moja tu akatoa hukumu: "Mwanangu, hicho kimeo kimeshuka. Kikakatwe." Na mkataji anamjua. Sikumbishia, shangazi habishiwi, lakini sikwenda. Kiwembe hujui kimetoka kwenye kinywa cha nani. Unaweza kurudi na pepopunda, au damu isiyokatika, na koo bado liko palepale.

Mwezi wa saba nikaenda kituo cha afya cha serikali. Kwa kuwa nilisema nakohoa zaidi ya wiki mbili, walinipima makohozi kwanza. Kifua kikuu hakuna, na sikulipa hata senti. Aliyenipokea pale ndiye wa kwanza kuniambia jambo la maana: mtu mzima sauti ikikwama zaidi ya wiki tatu, lazima mtu aingie aitazame, maana saratani ya koo nayo huanza kimyakimya hivyohivyo. Usiku ule sikulala. Akaniandikia niende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Hospitali niliyokwenda siitaji. Mapokezi yao yalinichosha: nimefika saa mbili asubuhi, nimeitwa saa sita, na kadi yangu ilipotea katikati ikabidi nianze upya. Kumwona daktari pamoja na kipimo nililipa laki moja na ishirini, mfukoni.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko hofu yake. Unakaa kwenye kiti, hulazwi, huchomwi sindano. Walinipulizia dawa ya ganzi puani, chungu kweli, ikateremka hadi kooni nikahisi siwezi kumeza. Kisha waya mwembamba wenye kamera ukapitishwa puani. Macho yalinitoka machozi. Daktari akaniambia niseme "iii", na pale kwenye skrini nikaziona nyuzi zangu za sauti zinafunguka na kufunga kama pazia. Dakika mbili au tatu, kwisha. Uvimbe hakuna. Nilishusha pumzi. Ila sehemu ya nyuma, karibu na mlango wa umio, yaani njia ya chakula, palikuwa pekundu na pamevimba.

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Unakula usiku saa ngapi?"

Nikamwambia ukweli wa ma-MC. Jumamosi tunakula ukumbi ukishatulia, saa tano usiku, pilau na kuku wa kukaanga, soda juu yake. Saa saba niko nyumbani, nakunywa tangawizi na ndimu ya mama, nalala chali. Akacheka, mimi nikaona aibu.

Alinieleza kwamba tindikali ya tumbo inapanda usiku hadi kooni. Mimi nikabisha: kiungulia sijawahi kuwa nacho. Akasema wengi hawana. Umio unavumilia kiasi fulani, lakini koo ni laini, tone dogo tu linatosha kulichubua. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni, minti inaweza kulegeza ule mlango wa juu ya tumbo, na ndimu ni tindikali nyingine juu ya kidonda. Yaani nilivyokuwa najitibu ndivyo nilivyokuwa najichubua. Nilimpenda pia kwa sababu hakujifanya anajua kila kitu: alisema wekundu peke yake si ushahidi kamili, tujaribu matibabu tuone koo litajibu nini.

Akanipa omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, ya miligramu 20, nusu saa kabla ya chakula, na dawa ya maji ya kunywa nikimaliza kula cha usiku. Kula kwa mwisho kuwe muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwani nikaiwekea matofali; mke wangu alilalamika wiki nzima kwamba anateleza.

Wiki tatu za kwanza hakuna kilichobadilika, na nilikaribia kumpigia simu yule mkataji wa shangazi. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba koo huchelewa kuliko tumbo. Wiki ya sita nikaamka sauti ipo. Wiki ya kumi lile tonge la shingoni lilikuwa limeondoka, akanipunguzia dawa kidogo kidogo hadi nikaacha. Desemba, na harusi zake tatu kwa wiki, lilirudi siku nne. Nilijua nimekula nini na saa ngapi.

Kipimo nakipa nyota tano, mapokezi mbili. Kama koo lako limeanza juzi na una mafua, huna haja ya kutoa laki. Kama ni miezi, na umeshameza azuma mara tatu, katoe.

Mama bado ananichemshia tangawizi, siku hizi bila ndimu, saa kumi jioni. Pilau la ukumbini nafungiwa kwenye kontena, nalila Jumapili mchana.