Jozani nimekwenda misimu yote, na masika ndo imenishika

Kila mtu akiuliza Jozani aende lini anajibiwa nenda msimu wa kaskazi, jua linawaka, hakuna matope. Mie mtu wa Unguja hapahapa, nimekwenda kaskazi, masika, kusi na vuli, na jibu hilo silikubali kabisa.

Kwa asiyeijua, hii ndo hifadhi ya taifa pekee tuliyonayo Zanzibar, Jozani na Ghuba ya Chwaka kwa pamoja, tangu 2004, kama kilomita za mraba 50 hivi za msitu, vichaka na mikoko. Kutoka mjini ni kilomita 35 na ushee, daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mlangoni. Chukua kitambulisho chako, mwenyeji analipa chini sana kuliko mgeni.

Kaskazi nilikwenda Januari. Njia kavu kweli, lakini joto, mabasi ya wageni yamepangana, na tulifika saa sita mchana kima wote wamejinyoosha juu ya matawi hata mkia hautikisiki. Watoto wangu walichoka baada ya nusu saa.

Sasa masika jamani! Nilikwenda mwezi wa tano, mvua ilinyesha usiku kucha asubuhi ikakatika, tukaingia saa moja na nusu, watu wanne tu na mtembezaji wetu. Msitu ule maji ya ardhini yako karibu sana juu, sasa mvua kubwa zikipiga yanapanda yanasimama baina ya mizizi, yaani unatazama chini unaona miti mara ya pili, vyura wanalia kila upande, na ile harufu ya majani mabichi sijui niieleze vipi. Kima punju, wale wekundu wa kwetu Unguja, walikuwa chini chini wanakula machipukizi. Mmoja alikaa mbele yetu, akavuta tawi kwa vidole vinne maana gumba hana, kimebaki kijinundu tu, akatafuna kikonyo cha jani polepole, jani lenyewe akalitupa. Mtembezaji akatwambia matunda mabivu yenye sukari hawayawezi, tumbo lao la majani, ndo maana ukimrushia ndizi unamdhuru. Na hawa hawapo popote duniani ila kwetu, nilisimama pale nikahisi uchungu na fahari pamoja. Mbu wapo, sikatai, vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika.

Vuli nilikwenda kwa ajili ya mashambani upande wa kusini wa barabara, na huko niliona kitu nilichokuwa nasikia tu: kima mama na mtoto wake kifuani kashika kipande cha kaa la moto lililozimika, analitafuna kama biskuti. Majani ya mikungu na miembe wanayokula yana vitu vya kuwasumbua tumboni, mkaa unavinyonya. Mtoto akawa anamnyang'anya mama yake.

Kusi, katikati ya mwaka, kuna upepo na ubaridi mzuri wa kipupwe, kwa wazee na watoto naona ndo wakati wao.

Mikoko ya kijiji cha Pete, karibu na hapo Jozani, haina habari na msimu, hiyo angalia maji. Nilikwenda maji yamekupwa, chini ya daraja la mbao ni tope tupu na vikaa vyenye gando moja kubwa vinapungiana, na visamaki vinaruka juu ya tope. Nikarudi siku ya bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yamejaa, mikoko imesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, kimya. Nenda zote mbili ukiweza. Tarehe za mwezi unazijua, usisubiri kuambiwa.

Kitu kimoja kimeniuma. Tukiwa tunatoka, gari moja ya watalii, siitaji kampuni, ilipita kwa kasi ikaruka tuta, na kima alikuwa keshashuka kuvuka, aliponea chupuchupu. Matuta yale yamewekwa kwa sababu wanyama walikuwa wakifa barabarani. Madereva, kaka zangu, punguzeni mwendo pale, hata kama mgeni anachelewa ndege.

Mie narudi mwezi wa tano inshaallah, ila safari hii nabeba mabuti ya mvua, raba zangu zilikaa siku tatu hazijakauka.