Vifaa anunue fundi, au ununue mwenyewe?

Ukimpata fundi wa kuezeka au wa kupiga plasta hapa Dar es Salaam, atakuuliza mapema: ufundi tu, au ufundi na vifaa?

Ufundi na vifaa ni raha ya mtu anayeshinda kazini. Mnapatana bei moja, unatoa kianzio, yeye anahangaika na duka na usafiri. Shida ni kwamba kila anachobana kinabaki mfukoni mwake. Umelipia bati la geji 28, linapanda la geji 30, ambalo ni jembamba zaidi, na ukiwa chini huwezi kulitofautisha. Kwenye zege, saruji ya daraja la 42.5 inageuka 32.5, yenye nguvu ndogo zaidi. Kwenye plasta, mchanga unazidi, na ukuta ukianza kupukutika yeye yuko saiti nyingine.

Ufundi tu unachosha. Saruji ikiisha saa sita mchana, simu ni yako. Lakini risiti unazo, na jioni unahesabu mifuko mitupu. Mwanya upo hata hapa: kazi ya mifuko 15 inaandikiwa 20. Mpe fundi wa pili vipimo hivyo hivyo naye apige hesabu yake.

Mimi paa na zege hununua mwenyewe. Rangi ya chumba kimoja namwachia. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ni kizuri, ila kwanza huomba anipeleke kwenye nyumba aliyoezeka mwaka juzi, ikiwezekana siku ya mvua.